Pengo

Saa nne, bati limeanza kulia kwa joto.
Nyuma ya nyumba yetu, Obunga,
nimepanga trei sita za kioo juu ya simenti.
Ndani yake maji ya mama:
buluu iliyobaki baada ya katani kunywa ikatosheka,
buluu ambayo miaka kumi na minane
tuliimwaga mtaroni, nayo ikajua njia yake
hadi Kisat, hadi ziwani,
bila kumuuliza mtu.

Nyar Seme anasimama kando yangu,
mikono imekolea rangi hadi viwikoni.
"Na huo unga? Wa ugali?"
Ni huu huu, mama, ulio ndani ya rangi nyeupe ya ukuta wa kanisa,
ndani ya dawa yako ya meno.
Hauli kitu, haunywi rangi.
Unangoja jua.

Nimweleze vipi?
Mwanga ukigonga punje, elektroni moja huruka
kama mtoto aliyeitwa nje katikati ya chakula.
Macho yetu yangemfuata aliyeruka.
Lakini kazi, ile kazi nzito,
hufanywa na pengo aliloliacha.
Pengo lina njaa.
Humpokonya jirani yake, maji, kitu kimoja tu kidogo,
na maji yaliyopokonywa hugeuka makali,
huishika rangi maungoni,
huivunja kiungo baada ya kiungo
hadi ibaki chumvi, na maji,
na ile hewa tuitoayo kifuani tukishusha pumzi.

Hapo nanyamaza.
Kiti cha Okelo kiko mlangoni tangu Machi.
Doha ina joto, alisema simuni, mara moja.
Mama bado anapakua sahani nne,
kisha anairudisha moja sufuriani
kana kwamba alikosea kuhesabu.

"Na aliyeruka, akirudi?"

Sijui anauliza chembe au anauliza mwana.
Nyingi hurudi, mama. Ndiyo shida yetu maabara.
Hurudi kabla hujapepesa jicho,
pengo linazibika, kazi haijaanza,
panabaki joto kidogo tu.

"Joto si haba," anasema,
anakwenda kugeuza katani kwenye kamba.

Saa nane wingu likaja kutoka milima ya Nandi,
likakaa.
Nikaandika daftarini: wingu. Dakika arubaini. Wingu.
Trei ya kwanza, isiyotiwa unga, buluu ile ile.
Ya pili niliifunika gunia: buluu, na mdudu mmoja.
Ya tatu kama maji ya kuoshea mchele.
Ya tano, nilipoacha unga utuame,
niliona kucha zangu upande wa pili.

"Basi yamekuwa maji."
Bado. Kilichoondoka ni kile macho yanachokijua.
Rangi ikivunjika, vipande vyake vya kwanza
huweza kuwa na sumu kuliko yenyewe nzima.
Mashine ya kuvisoma iko Maseno,
foleni yake wiki tatu,
na taa yake, nasikia, imeungua.
Na unga wenyewe umepita kwenye kitambaa
kama wageni wasioaga,
itabidi niugandishe kwenye vigae vilivyovunjika.
Naona anavyonitazama: miaka minne ya karo,
na jibu la binti ni bado.

Hakusema kitu.
Ndani mlikuwa na beseni la saba, jekundu,
la vyondo vya harusi ya watu wa Ahero.
Zamani, saa kama hii, ningesikia
mtaro ukimeza.
Nilisikia miguu ya kiti ikikwaruza simenti.
Alikivuta kiti cha Okelo hadi lilipobaki jua,
akakipangusa vumbi kwa upindo wa leso,
akaliweka beseni juu yake, limejaa pomoni,
likitikisika.

"Tia unga," akasema.
"Hili nalo litangoja."